Mbwa wa Mchungaji

Katika lugha yetu ni shida kupata jina la mnyama lililotwezwa kuliko jina la mbwa. Mtu akitaka kumvunjia mwenzake heshima humwita mbwa, na neno hilo limekwisha kuleta magomvi mengi. Lakini usiku wa manane, fisi anapozunguka boma na giza limetanda, mwenye boma hayakumbuki matusi hayo. Hutega masikio amsikie mbwa wake. Mbwa akibweka kwa hasira, bwana wake huamka akashika mkuki. Akinyamaza, hugeukia upande wa pili akalala. Mnyama huyu anayedharauliwa mchana na kutegemewa usiku alikaa na wanadamu kabla ya ng'ombe, kabla ya mbuzi, na kabla mtu hajapanda punje ya kwanza ya nafaka. Nakualika, msomaji, tuifuate historia yake, tuone inatufundisha nini juu ya kumlea mbwa kijana mwenye nguvu nyingi na kumfanya mtenda kazi.

Tuanzie Oltepesi. Ukitoka Nairobi kwa barabara ya Magadi, utapita Ongata Rongai na Kiserian, kisha utaanza kuteremka katika Bonde la Ufa. Joto huzidi kwa kila maili, na majani mabichi ya milimani hukuaga. Chini huko, katika nchi ya Kajiado, ndiko kuliko Oltepesi. Jina hili ni la Kimaasai, nalo ni jina la mgunga, ule mti wa miiba wenye kilele kipana kama mwavuli. Hiyo ni nchi ya mbuzi, kondoo na ng'ombe, na aliye na mifugo huko hapana budi awe na mlinzi.

Karibu na Oltepesi pana mahali paitwapo Olorgesailie. Mwaka 1942 Louis Leakey na mkewe Mary walikuta hapo mashoka ya mawe mengi mno, yametapakaa juu ya ardhi kana kwamba wenyewe waliyatupa jana. Wataalamu wamekadiria kwamba mashoka ya namna hiyo yalitengenezwa hapo tangu yapata miaka 1,200,000 iliyopita hadi yapata miaka 490,000 iliyopita. Fikiri jinsi muda huo ulivyo mrefu! Watu wale wa kale waliwinda, walichuna, walipasua mifupa, na usiku walikaa katika nchi iliyojaa wanyama wakali. Lakini katika muda wote huo hapakuwa na mbwa hata mmoja wa kuwaonya, kwa sababu mbwa wa kufugwa alikuwa hajawako duniani. Kila mtu alikuwa hana budi kutegemea masikio yake mwenyewe.

Basi mbwa alitoka wapi? Hapa lazima tuondoe kosa moja linalotokana na majina. Watu wengi hudhani kwamba mbwa wa nyumbani alitokana na mbwa mwitu wa nyika zetu, yule mwenye mabaka na masikio ya mviringo. Sivyo. Mbwa mwitu wetu ni wa ukoo mwingine kabisa. Miguu yake ya mbele ina vidole vinne, hali mbwa wa nyumbani ana vitano, nao hawazaani. Mzee wa mbwa wa nyumbani ni mnyama wa Ulaya na Asia ambaye Kiswahili hakikumpa jina la peke yake. Wafasiri wa vitabu walimwita mbwa mwitu, na ndiyo sababu ya kuchanganyika. Mnyama yule wa nchi za baridi ndiye aliyekaribia makambi ya wawindaji zaidi ya miaka 14,000 iliyopita, na kizazi baada ya kizazi akaacha woga wake.

Juu ya urafiki huo wa kwanza tunao ushahidi mmoja wa ajabu. Mwaka 1914, mahali paitwapo Oberkassel karibu na mji wa Bonn katika Ujerumani, wachimba mawe waliyafikia mabaki ya kaburi la kale. Ndani yake walikuwamo mwanamume, mwanamke na mbwa. Kaburi lile lina umri wa yapata miaka 14,000. Wataalamu walioyachunguza meno ya mbwa yule, na kutangaza habari zao mwaka 2018, waliona kwamba alikuwa kijana wa yapata miezi saba, na kwamba kabla ya kufa aliugua kwa majuma mengi, yaelekea ugonjwa wa distempa, ambao huua watoto wa mbwa hata leo. Mtoto wa mbwa mwenye ugonjwa huo hawezi kuwinda wala kulinda. Hutapika, huharisha, hulala tu. Kuishi kwake muda ule wote kwamaanisha kwamba mtu fulani alimpa maji, alimsafisha na kumfunika asipigwe na baridi. Angalia sana jambo hili, msomaji, maana tutalirudia: mbwa yule alitunzwa kabla hajafanya kazi yoyote, wala hakuwahi kuifanya.

Kutoka Asia ya Magharibi mbwa aliingia Misri. Huko alipata vyeo. Mwaka 1935, katika makaburi ya Giza, lilivumbuliwa jiwe lenye maandishi juu ya mbwa aliyeitwa Abuwtiyuw, mlinzi wa mfalme, aliyeishi zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Mfalme aliamuru azikwe kwa heshima, akampa jeneza, kitani nyingi na ubani, na waashi wakamjengea kaburi. Wafugaji nao walikuwa wakishuka kusini na mifugo yao. Walifika pande za Ziwa Turkana yapata miaka 5,000 iliyopita, na kusini ya Kenya yapata miaka 3,000 iliyopita. Na mbwa alishuka kwa njia hizo za wafugaji. Safari yake haikuwa nyepesi, kwa kuwa ndorobo, yule inzi auaye ng'ombe, huua mbwa pia.

Alipofika katika nchi ya wafugaji mbwa alipewa kazi, na hapa yafaa tupambanue kazi mbili zinazofanana kwa jina tu. Katika Uingereza mchungaji humtumia mbwa wa kuongoza kondoo. Mbwa huyo huzunguka kundi kwa mbio, huinama, hukazia macho, hulipeleka kundi kushoto au kulia kwa mluzi wa bwana wake. Mwaka 1873, mahali paitwapo Bala katika nchi ya Wales, yalifanywa mashindano ya mbwa wa namna hiyo ambayo sifa zake zilienea mbali. Lakini mbwa wa Mmaasai hakuombwa aongoze. Kazi hiyo hufanywa na mchungaji mwenyewe kwa fimbo na sauti. Mbwa wa Mmaasai aliombwa jambo moja: awepo. Afuatane na kundi, alale pamoja nalo, anuse upepo, na ajapo adui apige kelele.

Pengine utasema kwamba kelele ni jambo dogo. Mwaka 2007 watafiti waliofanya kazi katika Laikipia na nchi za jirani walitangaza kwamba hatari ya kushambuliwa na wanyama wakali ilikuwa ndogo kwa makundi madogo ya mifugo, yaliyochungwa mahali peupe, na yaliyofuatana na mbwa pamoja na wachungaji. Mbwa mmoja hawezi kupigana na simba, wala hatakiwi apigane. Lakini chui, fisi na simba hupenda kujia gizani bila kuonekana, na mbwa huwaondolea siri yao. Kitengela, ng'ambo ya pili ya Kajiado, kijana Richard Turere alipata sifa kubwa kwa kubuni taa za kumetameta ambazo huwafanya simba wadhani kwamba kuna mtu anayetembea na kurunzi. Taa hizo hufanya kazi iliyo jamaa na kazi ya mbwa: humwambia adui kwamba boma liko macho.

Sasa tuje kwenye ulezi. Tuseme umepewa mtoto wa mbwa katika boma moja la Oltepesi. Katika miezi mitatu ya kwanza hana neno. Hunywa maziwa, hulala, hucheza. Afikishapo miezi sita mambo hubadilika. Miguu imerefuka na nguvu zimejaa mwilini bila ya kazi. Hutafuna viatu vya baba, huvuta ngozi iliyoanikwa, hufukuza kuku. Akiviona vitoto vya mbuzi vikirukaruka hudhani kwamba vinamwita mchezoni. Siku moja hukamata sikio la kitoto kimoja. Kitoto hulia na kukimbia, na mbio zile humtia mbwa furaha zaidi. Ikiwa hakuzuiwa siku hiyo, huenda kesho kitoto kikafa. Hapo ndipo maisha ya mbwa yanapotiwa katika mizani. Mwenye boma atasema kwamba mbwa aliyezoea kukamata mbuzi hafai kukaa na mbuzi, na maneno yake si ya ukatili, maana mbuzi ndiye karo ya shule na ndiye chakula cha watoto. Mbwa atafukuzwa au atauawa.

Je, kosa ni la nani? Nguvu ile inayomfanya mbwa kijana afukuze vitoto vya mbuzi ndiyo nguvu itakayomwamsha usiku na kumpeleka ukingoni mwa boma kumkabili fisi. Ukiizima kwa fimbo, utabaki na mbwa mwoga asiyefaa kitu. Ukiiacha bila mwongozo, utabaki na mharibifu. Kazi ya mlezi ni kuipa njia, kama vile mkulima anavyoyapa maji mfereji badala ya kuyalaani kwa sababu yamefurika.

Watu wa nchi za mbali waliligundua jambo hili pia. Mwaka 1833 Charles Darwin alisafiri katika nchi ambayo leo ni Uruguay, akaona mbwa wakilinda makundi makubwa ya kondoo bila ya mtu yeyote karibu. Aliuliza jinsi walivyofundishwa. Aliambiwa kwamba mtoto wa mbwa huondolewa kwa mama yake angali mdogo sana, hunyonyeshwa na kondoo jike mara tatu au nne kila siku, na hutandikiwa kitanda cha manyoya ya kondoo ndani ya zizi. Haruhusiwi kucheza na mbwa wengine wala na watoto wa nyumba ile. Akikua, kondoo ndio jamaa zake. Hufika nyumbani kupokea nyama yake, kisha hurudi mbio kwa kundi. Nasi tunayo methali isemayo: samaki mkunje angali mbichi. Mbwa aliyezaliwa bomani, akafumbua macho yake katikati ya mbuzi, amekwisha kuanza kufundishwa kabla hujamwita kwa jina lake.

Baada ya hapo yanakuja mafundisho yenyewe, nayo si mengi. Wanazuoni wa Kiislamu waliyaeleza vizuri zamani sana. Katika madhehebu ya Shafi, yaliyoenea katika pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi. Lakini sheria hiyo hiyo imeruhusu mbwa wa kuwinda, wa kuchunga mifugo na wa kulinda shamba. Mnyama aliyekamatwa na mbwa wa kuwinda huwa halali ikiwa mbwa yule amefundishwa, na wanazuoni walitaja alama za mbwa aliyefundishwa: akitumwa huenda, akizuiwa huacha, na akikamata hali. Tazama jinsi alama hizo zilivyo na hekima. Hazikuuliza kama mbwa ni mkali au ana mbio. Ziliuliza kama anaweza kujizuia.

Basi na wewe anza na kujizuia. Mfundishe mbwa wako kijana kuketi kimya langoni mbuzi wanapotoka, kwa muda mfupi kwanza, kisha kwa muda mrefu zaidi, na umpe sifa au kipande cha chakula mara anapotii. Akianza kukifukuza kitoto cha mbuzi, mkatize pale pale kwa sauti moja aijuayo, wala usingoje jioni, kwa kuwa mbwa hawezi kuunganisha adhabu ya jioni na kosa la asubuhi. Usimweke na vitoto vya mbuzi peke yake katika miezi ya ukorofi. Mweke na mbuzi wakubwa wenye pembe, ambao hawapendi mchezo na watamfundisha adabu wenyewe. Mpeleke malishoni kila siku pamoja na mbwa mzee mtulivu, maana mbwa hujifunza mengi kwa kuiga, na jioni atarudi amechoka na ukorofi umekwisha. Usimpige. Mbwa aliyepigwa hujifunza kuogopa mkono wako tu, wala hajifunzi kuwapenda mbuzi. Zaidi ya yote, subiri. Aghalabu mbwa mlinzi hutulia na kushika kazi yake barabara akiwa na mwaka mmoja na nusu au miaka miwili. Mbwa wengi hufukuzwa wakiwa na umri wa miezi minane, yaani katikati ya masomo.

Hapa historia inakugusa wewe mwenyewe, msomaji. Zamani mwalimu wa mbwa alikuwa mtoto. Mtoto wa Kimaasai alianza kuchunga vitoto vya mbuzi karibu na boma akiwa na miaka mitano au sita, na mtoto wa mbwa alifuatana naye kutwa. Walikua pamoja, wakajifunza pamoja. Tangu Januari 1903 hadi leo? La, si mbali hivyo: ilikuwa Januari 2003 serikali ya Kenya ilipoondoa karo katika shule za msingi, na watoto wengi zaidi wakaingia darasani. Jambo hilo ni jema, wala hakuna mtu mwenye akili atakayetaka lirudishwe nyuma. Lakini asubuhi mtoto anapochukua vitabu vyake, mbwa kijana hubaki langoni bila mwalimu na bila kazi. Tusishangae akitafuna ngozi. Saa moja ya jioni utakayompa, na siku za likizo utakazokwenda naye malishoni, huenda zikawa ndizo tofauti baina ya mlinzi na mharibifu.

Liko deni jingine kubwa zaidi, nalo ni deni la afya. Katika Kenya kichaa cha mbwa kilithibitishwa mara ya kwanza mwaka 1912, katika mbwa aliyekuwa kando ya Nairobi. Ugonjwa huu, dalili zake zikiisha kuonekana kwa mtu, karibu kila mara huua, na karibu watu wote wanaoupata huupata kwa kuumwa na mbwa. Lakini dawa ya kuuzuia imejulikana tangu Louis Pasteur alipomchanja mtoto Joseph Meister huko Paris mwaka 1885. Ikiwa mbwa 70 katika kila 100 wamechanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Kwa sababu hiyo mwaka 2014 Kenya iliweka mpango wa kuukomesha katika watu ifikapo mwaka 2030. Nawe ukiumwa na mbwa, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha nenda hospitali siku ile ile, hata kama jeraha ni dogo.

Na ile distempa ya Oberkassel nayo haijatuacha. Mwaka 1994 iliingia katika simba wa Serengeti, ikaua yapata theluthi moja yao, ikavuka mpaka hadi Maasai Mara. Wataalamu walipoifuatia waliona kwamba ilitoka kwa mbwa wa vijiji vya jirani ambao hawakuchanjwa. Tazama mzunguko huu! Mfugaji alimlea mbwa ili amzuie simba; lakini mbwa aliyeachwa bila matunzo akamwua simba kwa ugonjwa, bila ya kubweka hata mara moja. Vivyo hivyo usimpe mbwa matumbo mabichi yenye malengelenge ya maji siku ya kuchinja, kwa kuwa humo mna minyoo ambayo humrudia mtu ikamletea uvimbe katika ini na mapafu.

Siku hizi mbwa wamepata kazi mpya katika nchi zetu. Usa River, karibu na Arusha, shirika la African Wildlife Foundation limekuwa likifundisha mbwa na walezi wao tangu mwaka 2014 kunusa pembe za ndovu na za kifaru zilizofichwa katika mizigo. Upande wa Amboseli, katika Kajiado hii hii, askari wa wanyama hufuata nyayo za majangili wakiwa na mbwa. Mbwa hao hulishwa vizuri na hutibiwa na madaktari. Wengine husema kwamba hao ndio mbwa wa kazi, na mbwa wa bomani ni mbwa tu. Mimi sikubali. Mbwa wa bomani hufanya kazi usiku kucha bila ya sare wala mshahara, na aliyemfundisha ni mtoto mwenye fimbo.

Ukipita Oltepesi jioni utaona mbuzi wakirudi na vumbi lao jekundu, mchungaji nyuma, na mbwa kando yao, ulimi nje. Umbali mfupi kutoka hapo yamelala mashoka ya mawe ya watu waliokaa usiku wao wote bila ya rafiki huyo. Tangu zamani za Oberkassel, mapatano baina yetu na mbwa yamekuwa na sehemu mbili: mtu hutunza kwanza, kisha mbwa hulinda. Mbwa hawezi kuusoma mkataba huo, lakini kila usiku huutimiza. Sehemu iliyobaki ni yetu sisi tunaojua kusoma.